Yowe la Ng'ombe

Mwanamke mmoja alikuwa akipepeta mtama uani kwake, jua limekwisha kushuka, pale jirani yake alipopita kuomba kaa la moto na kumletea habari. Mwanamke huyo aliitwa Nyanzobe. Alikuwa na watoto wanne na mbuzi mmoja wa maziwa. Mume hakuwa naye, wala ng'ombe. Tangu alfajiri alikuwa amelima shamba la mtu mwingine, na mgongo ulikuwa ukimuuma.

Jirani yake, Kabula, alisimulia habari hiyo huku akicheka.

"Yule ndama wa Nkwabi aliyepotea asubuhi karudi mwenyewe. Kaingia zizini mkia juu, kama bwana harusi!"

"Na Milembe?"

"Si ndiye aliyetumwa kumtafuta? Basi bado anamtafuta huko korongoni."

Kabula alicheka tena, akaona mwenzake hacheki, akachukua kaa lake akaenda zake.

Milembe alikuwa msichana wa miaka tisa, mtoto wa marehemu dada yake Nkwabi, na aliishi kwa huyo mjomba. Asubuhi alikuwa ameambiwa asirudi bila ndama. Kijiji kizima kilijua kwamba Nkwabi akisema neno la namna hiyo hatanii, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kimesikia fimbo yake kupitia ua wa minyaa. Na kila aliyeisikia alisema jambo lile lile: hayo ni mambo ya nyumba ya mtu.

Nyanzobe aliweka ungo chini, akafunika mtama usiliwe na kuku, akaenda kwa Nkwabi. Alimkuta mlangoni pa zizi, akiwahesabu ng'ombe wake kwa kidole, kama alivyofanya kila jioni. Wote walikuwamo. Akaingiza mti wa mwisho wa kufungia.

"Bwana Nkwabi, Milembe hajarudi."

"Ana miguu. Atarudi."

"Giza linaingia. Na fisi wa korongoni unawajua."

"Mama, umekuja kunihesabia watu wa nyumba yangu?"

Kutoka hapo alikwenda kwa Shigela, kamanda wa walinzi wa kijiji. Shigela alikuwa akila viazi vitamu na wanawe. Alimkaribisha vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwenye mtoto kasemaje?"

"Kasema ana miguu."

"Basi mwenye mtoto kashasema. Nikianza kuingia nyumba ya kila mtu, mama, mimi nitalala lini?"

Shigela hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akifuata desturi kama alivyoikuta.

Na desturi ya kijiji kile ilikuwa hivi. Yowe la ng'ombe likipigwa, kila mwanamume huacha alichoshika, awe anakula au anaoga, akachukua silaha na kukimbia. Anayebaki nyumbani hutozwa faini. Anayepotelewa na ng'ombe akakaa kimya huhesabiwa kuwa anashirikiana na mwizi. Na anayepiga yowe la uongo hutoa mnyama wake mwenyewe, akachinjwa na kuliwa na wale aliowakimbiza bure. Kwa ajili ya mtoto hapakuwa na yowe. Hakuna aliyekuwa amelikataza. Ni vile tu hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Nyanzobe alirudi nyumbani, akamtazama mbuzi wake. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakitiwa kwenye uji wa mtoto wa mwisho. Alimtazama kwa muda mfupi, maana jua halikuwa likimsubiri. Kisha akapanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, akaweka viganja mdomoni, akapiga.

"Ng'ombe kaenda! Ng'ombe kaendaaa!"

Yowe lilipokewa nyumba ya pili, na ya tatu, hadi ng'ambo ya mbuga. Wanaume walitoka na mikuki, marungu na tochi, wengine vifua wazi, wengine bado wanatafuna. Uwanja wa Nyanzobe ukajaa. Nkwabi naye alikuja, mkuki begani, mbele ya wengi.

Fundi baiskeli mmoja, Mhoja, mtu wa maneno, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushangaa.

"Mama, tangu lini una ng'ombe? Huyu ulimwota usiku?"

Watu wakacheka. Shigela akawanyamazisha, akauliza kama anavyouliza kamanda.

"Ng'ombe wa rangi gani? Ana pembe za namna gani? Kaelekea wapi?"

"Hana pembe," Nyanzobe alisema. "Ana gauni la kijani, limechanika begani. Kaelekea korongoni tangu asubuhi, na hajala."

Kicheko kiliisha. Baada yake zilikuja hasira. Wengine walisema wamechezewa, wengine walisema mwanamke huyu ana dharau, wengine walikuwa wamekwisha kumtazama mbuzi. Nkwabi alipaza sauti kuliko wote. Shigela alitikisa kichwa.

"Mama, unajua adhabu ya yowe la uongo."

"Naijua. Mbuzi yule pale. Lakini niambie, kamanda: ningepiga yowe la mtoto, mngekuja wangapi?"

Wanaume wale walisimama na tochi zao, na kila mmoja alijua hesabu yake mwenyewe.

Aliyeanza kuondoka ni Mhoja. Alielekea korongoni bila kusema neno, na hilo peke yake liliwashtua wenzake. Wengine wakamfuata. Mikuki walikuwa nayo tayari, viatu walikuwa wamekwisha kuvaa, na mwanga wa mwisho ulikuwa bado uko juu ya mawe.

Hawakumwona upesi. Wapo waliokuwa bado wakiita ng'ombe, kwa mazoea tu ya mdomo, na kila walipoita hivyo Milembe alizidi kujibana ndani ya ufa wa jabali, kwa sababu alidhani wote wamekuja kumdai ndama. Walipita karibu naye na tochi zao, wakaenda mbele. Nyanzobe, aliyekuwa nyuma kwa sababu ya mgongo wake, ndiye aliyepata la kusema.

"Milembe! Ndama yuko nyumbani!"

Ndipo alipotoka. Miguu yake ilikuwa imechanwa na miiba, na mkononi alikuwa bado ameshika kamba ya kumfungia ndama. Upande wa pili wa korongo fisi alikuwa amekwisha kulia.

Njiani Nkwabi alinyoosha mkono. "Haya, twende nyumbani."

Mtoto hakulia. Alijificha tu nyuma ya kanga ya Nyanzobe, na gauni lilipoteleza begani, tochi za watu wote zikaonyesha alama zilizokuwa mgongoni, mpya juu ya zilizopona. Watu walikuwa wamezisikia alama zile zikipigwa. Walikuwa hawajaziona.

"Kamanda," Mhoja alisema polepole, "mwenye kupotelewa akakaa kimya, sheria yetu inamwitaje?"

"Hiyo ni ya ng'ombe!" Nkwabi alisema.

Shigela alizimulika zile alama kwa tochi yake. Alikuwa na watoto sita, na jioni ile alikuwa amewaacha wakila viazi.

"Ilikuwa ya ng'ombe," alisema. "Nkwabi, kesho utasimama mbele ya mkutano. Na mimi nitasimama nawe, kwa sababu mama huyu alikuja kwangu kwanza. Mtoto halali kwako leo, wala hatarudi kwako mpaka mkutano useme."

Kisha akamgeukia Nyanzobe. "Habari ya mbuzi nayo ni ya kesho."

Nyanzobe alimshika Milembe mkono. Yaliyokuwa ya kesho aliyaacha kesho. Watoto wake walikuwa hawajala.

Aliporudi aliwasha moto, akasonga ugali, akapasha mlenda uliobaki. Milembe alikaa karibu na mlango, mahali ambapo mtu hukaa akiwa hajui kama ataambiwa aondoke. Nyanzobe alimwita kwenye mkeka.

"Sogea. Nawa mikono. Hapa anayechelewa hukuta sahani tupu."

Wanawe wakamsogezea nafasi, mmoja kwa kunung'unika. Ugali ukawekwa katikati. Kabla hajakaa, Nyanzobe alisimama juu yao akawahesabu kwa kidole, kama mtu anavyohesabu zizi lake: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Wote walikuwamo. Nje mbuzi alikuwa akicheua. Akafunga mlango, akakaa, akala.

Nanyi mlioisikia habari hii, mliofunga mazizi yenu jioni ya leo mkalala mmetulia: mlimhesabu nani?