Jibu Lililongojeshwa

Kufika salama ni bora kuliko kukimbia ukaishia njiani. Hiyo ndiyo maana ya methali "kawia ufike," nayo humwingia vizuri zaidi mtu aliyekwisha kujikwaa.

Fundi mmoja wa kurasa za mtandao alipachikwa jina la Umeme, kwa kuwa kusubiri kulimpandisha presha. Ukurasa wake usipofunguka kufumba na kufumbua, alijiona kama amevuliwa nguo hadharani. Shangazi yake alikuwa mkutubi, na chumba cha watoto katika maktaba yake kilikuwa kimedoda. Mkurugenzi alikwisha kutamka: watoto wasipoonekana mwezi huo, chumba kitageuzwa stoo ya viti vibovu. Shangazi alikosa usingizi.

"Nitengenezee ukurasa wa vitendawili kwenye kompyuta ya chumba hicho, mwanangu," alimwomba.

Umeme akautengeneza chapuchapu. Watoto wakamiminika kama siafu. Walibonyeza kitendawili, na papo hapo jibu likatokea chini yake. Wakavisoma vyote, wakapiga miayo, wakaenda zao. Kesho yake hakurudi hata mmoja.

"Ukurasa una kasi ya ajabu, Shangazi. Watoto wa siku hizi ndio wavivu," Umeme alijitetea.

Shangazi akavuta kiti. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango. Yai."

"Aa, Shangazi! Hata hujaniacha nifikiri!"

"Ehe! Na wao je?"

Umeme alirudi kwenye kompyuta akauongezea ukurasa amri: mtu akibonyeza kitendawili, jibu lijifiche, lingoje dakika nzima ndipo litokeze. Ilimuuma kama kung'olewa jino. Safari hii aliujaribu kutwa nzima, akagundua kwamba anayerukia kitendawili kingine huangukiwa na jibu la kile cha kwanza. Akalirekebisha hilo pia, bila pupa.

Watoto walipoitwa tena, chumba kilichemka. Huyu "kijiko!", yule "kivuli!", wakabishana, wakacheka, na kesho yake wakaja na ndugu zao.

Mwisho wa mwezi mkurugenzi aliingia na futi mkononi, apime viti vyake vitaenea wapi. Alisimama nyuma ya watoto, akasoma kwenye kioo: *Nina meno lakini siumi.*

"Msumeno!" aliropoka.

"Msumeno unauma, mzee!"

"Basi ufunguo... Ngojeni, msiniambie!"

Jasho lilimtoka. Dakika ikatimia na jibu likajitokeza: kitana. Haikuwa ajabu kwamba hakukikumbuka, maana kwa upara wake, yeye na kitana walikuwa wameachana siku nyingi.

"Umeshindwa! Tupe mji!" watoto walipiga kelele, kwani ndiyo ada ya mshinde.

Mkurugenzi alicheka mpaka mabega yakatikisika, akaikunja futi yake. "Mji sina," alisema. "Nawapeni chumba hiki."

Shangazi alimkumbatia Umeme, machozi ya furaha yakimlengalenga. Naye Umeme, ambaye tangu azaliwe hakupata kusifiwa kwa kuchelewesha kitu, alikiri kwa moyo mweupe kwamba wahenga hawakukosea: kawia ufike.