Sauti ya Chombo Kinachotoa Pole

Sogeeni karibu. Nina kesi hapa na hakimu sina. Mimi na mke wangu tumeibishania tangu Jumapili mpaka chai ikapoa, kwa hiyo nimewaletea ninyi.

Walikuwepo wanawake watatu ambao kazi yao ilikuwa kucheza gemu za kompyuta na kuwaambia watu zipi zinafaa. Nakijwa wa Same alijaliwa jicho la kuona kasoro, na ulimi wa kuisema. Tusekile wa Tukuyu alijaliwa subira. Kidawa wa Pemba alijaliwa woga. Msicheke! Sisi wengine tunauficha woga wetu, yeye aliutoa hadharani, na watu walimpenda kwa hilo.

Sasa, Tanga alikaa mama mmoja, Bi Mize. Miaka ishirini na mbili alipita mitaani ndani ya gari la spika akitangaza: kesho kuna chanjo, leo maji yanakatika, fulani amefariki na maziko ni saa kumi. Kisha koo likaugua. Daktari akamwambia upasuaji utamponya lakini sauti itakwenda. Zilibaki siku tatu. Binti yake Mwanakombo, ambaye ni mtengeneza gemu, akamwambia, "Mama, nipe sauti yako niiweke mahali."

Mahali penyewe palikuwa gemu ya kutisha. Chombo cha anga za juu kina wanaanga sita, na kuna kitu kimeingia ambacho kinaweza kuvaa sura ya yeyote kati yao. Mchezaji yuko mlangoni, anaamua amfungulie nani na amwache nani nje. Bi Mize ndiye sauti ya chombo. Alitakiwa atishe, lakini mtu aliyetangaza misiba miaka yote hiyo hawezi kutoa habari mbaya bila adabu. Basi akasema, "Habari za saa hizi, wanangu. Hewa imebaki ya dakika tatu. Poleni sana."

Gemu ilipotoka, wahakiki waliicheka, wakaipa nyota moja. Mmoja aliandika, "Nitamwogopaje mtu anayenipa pole?" Wachezaji wakaizima ile sauti, wakaendelea na mambo yao. Bi Mize, ambaye sasa hakuwa na sauti nyingine duniani, aliyasoma yote kwenye simu, akalala akiuelekea ukuta. Alikaa hivyo siku baada ya siku, hata uji akiuonja tu.

Nakijwa akaandika. Hakumwonea mtu haya: "Sauti ni ya shangazi wa jikoni, lakini tatizo si yeye. Tatizo ni kwamba ukimwacha mtu nje, hakuna anayemtaja tena. Uamuzi usioacha msiba si uamuzi." Mwanakombo alilia, akamtukana kimoyomoyo, kisha akaona ni kweli. Akakumbuka kwamba siku ya kurekodi, mama yake, kwa mazoea tu, alisoma majina ya wanaanga wote sita na ya watoto wao kama matangazo ya misiba. Akayatafuta, akayaweka ndani. Sasa ukimfungia mtu nje, chombo kinakutangazia kifo chake, kinamtaja na watoto wake, kisha kinakupa pole. Ile pole ikawa haivumiliki.

Lakini nani angesikia, na wote wamezima sauti? Tusekile akaicheza mara tisa, njia zote, akaandika kurasa sita kwa upole: "Washeni sauti. Kaeni naye. Huyu mama hakutishi, anakuhurumia kwa ulilolifanya." Waliosoma wakawasha. Ile kasoro ya mwanzo yeye aliiona kabla ya Nakijwa, ila aliona huruma akainyamazia. Hilo nalo lishikeni.

Na waliosoma walikuwa wangapi? Wachache. Kidawa akaicheza mubashara mbele ya watazamaji wake. Akamfungia nje mwanaanga mmoja, akasikia tangazo. Akatoa mikono kwenye kibodi. "Jamani, mimi siwezi," akasema huku analia. "Huyu mama kama ananijua!" Aligoma kuendelea nusu saa nzima, na watu maelfu wakabaki wanamtazama. Kesho yake gemu ilikuwa kwenye kila kompyuta. Mpaka leo Kidawa hajaimaliza.

Nyota zikapanda. Bi Mize akaketi kitandani, akaomba uji.

Mwanakombo sasa anatengeneza sehemu ya pili, na chombo kinahitaji maneno mapya ambayo mama yake hawezi tena kuyasema. Bi Mize akaandika kwenye daftari lake: "Atakayeirithi nafasi yangu awe mmoja wa wale watatu." Wakaja Tanga. "Shikamoo, Mama," wakasema. Naye akawaandikia "Marahaba", mara tatu, kila mmoja yake.

"Mimi nilikuumiza, Mama," Nakijwa alisema. "Ila bila yale maneno yangu, pole yako ingebaki kichekesho."

"Mimi nilikusikia wakati wote wamekuzima," Tusekile alisema.

Kidawa alikuwa ameshaanza kulia. "Mimi nilikuogopa kwanza, ndipo nikakupenda. Na walioniona wakakupenda."

Wakasoma kila mmoja sentensi ileile: "Habari za saa hizi, wanangu." Nakijwa aliisoma kwa sauti iliyonyooka, bila kutetemeka. Tusekile aliisoma polepole. Kidawa ilimkatikia katikati. Bi Mize alitokwa na machozi kwa wote watatu.

Mwanakombo akanong'ona, "Mama, tuwachukue wote."

Bi Mize akatikisa kichwa, akaandika: "Mtu aliye peke yake huko juu anahitaji sauti moja ya kuizoea."

Mke wangu anasema Kidawa. Mimi namwona Nakijwa, na kila nikimtaja namwonea haya Tusekile. Bi Mize ameshika kalamu, binti zake watatu wa kujipatia wamepiga magoti mbele yake, na kila mmoja anaitaka sauti ile kuliko anavyoweza kusema.

Je, wewe ungemwachia nani?