Bi Kindi na Mipira Mipya ya Turubai

Wanangu, mmeketi?
— Tumeketi!
Masikio yako wapi?
— Yako hapa, yanangoja!
Basi asisimame mtu mlangoni, ngano inapita.

Zamani wanyama walikuwa na lori moja tu, na mwenye lori alikuwa Bwana Nyani. Lilipeleka karanga za wote gulioni. Dereva alikuwa Mzee Kobe, maana barabara ile ilitaka subira. Juu ya magunia lilitandazwa turubai, na turubai lilishikwa na mipira iliyochakaa. Ukiivuta, nyeee, inabaki hapo hapo, imelala kama tambi.

Bwana Nyani alikaa nyuma, eti analinda mzigo. Mkono wake mrefu ukapita chini ya turubai: chopo! Akatafuna: tafu, tafu. Magunia yakafika gulioni yamesinyaa.

"Upepo huo," alisema. "Barabara hii ina upepo wenye njaa."

Wote walijua ni upepo gani. Lakini wote walikuwa wameyaona meno yake.

Msimu ule Bi Kindi alikuwa amebakiwa na gunia moja. Alitaka kulibadilisha kwa mtama, awalishe wanawe mpaka mvua zije. Likiliwa hilo, hakuna jingine.

"Bwana Nyani," akasema, "mipira imechoka. Niruhusu niibadilishe."

"Lori la nani?"

"Lako, bwana."

"Mipira ya nani?"

"Yako, bwana."

"Basi funga mdomo! Na sikilizeni nyote. Turubai likishafungwa, halifunguliwi mpaka gulioni. Atakayelifungua njiani, nitamng'oa mkia!"

Bi Kindi akaushika mkia wake. Lakini moyoni akasema: Karanga zangu huli.

Shangazi Nungunungu alimwona amenyong'onyea. Hakuuliza kitu. Alichukua tyubu kuukuu ya tairi, akaikata vipande virefu, akang'oa mwiba wake mwenyewe mgongoni na kutobolea matundu. "Chukua, mwanangu," akasema. "Usinishukuru. Wewe fika tu."

Bi Kindi akaomba gunia lake lipangwe katikati kabisa, mahali mkono wa mtu haufiki. Kisha akapanda juu ya kichwa cha lori na furushi lake la mipira.

Ngurrr! Ngurrr! Lori likaondoka. Walipofika mlimani likachemka: fsss! Mzee Kobe akasimama, akashuka kutia maji kwa mwendo wake ule ule.

"Naenda haja kichakani!" Bwana Nyani akatangaza kwa sauti.

Hakwenda kichakani. Alizunguka nyuma, akainua turubai, akajipenyeza mzima mzima mpaka katikati. Tafu! Tafu!

Bi Kindi alisikia. Lilikuwa gunia lake. Akateremka ubavuni mwa lori, akang'oa mpira mkuukuu, akatia mpya, akauvuta kwa meno mpaka kwenye ndoano. Nyuuu, pa! Akang'oa mwingine. Nyuuu, pa! Turubai likaanza kukaza. Likamlaza Bwana Nyani kifudifudi, mikono imebanwa, karanga mdomoni.

"Kuna mtu humo ndani?" akauliza Bi Kindi.

Kimya. Angejibu nini, naye amekwenda haja?

"Kama hakuna, naendelea." Nyuuu, pa! Nyuuu, pa! Mpaka wa mwisho.

"Bosi yuko wapi?" akauliza Mzee Kobe.

"Yuko na mzigo, babu. Leo anaulinda kuliko siku zote."

Mzee Kobe akatazama turubai lililovimba kama kichuguu. Akakohoa kidogo, akawasha lori. Ngurrr!

Kona ya kwanza, kimya. Kona ya pili, sauti ikatoka: "Nifungueni! Nabanwa!"

"Halifunguliwi mpaka gulioni," akajibu Bi Kindi. "Bwana Nyani amekataza."

"Mimi ndiye Bwana Nyani!"

"Mwongo mkubwa! Bwana Nyani mlinzi wetu aingie kwenye karanga za watu? Koma kumchafulia jina!"

Gulioni wenye magunia wote, waliotangulia kwa miguu alfajiri, walikuwa wanangoja. Mipira ikafunguliwa: fyatu! fyatu! Bwana Nyani akaporomoka chini na maganda mashavuni. Magunia yalikuwa yamejaa. La Bi Kindi lilipungua kiganja kimoja tu.

Bwana Nyani akatoa meno. "Nani amegusa mipira yangu?"

"Mimi," akasema Bi Kindi. Hakurudi nyuma. "Na ikichakaa, nitaigusa tena."

Shangazi Nungunungu akaja akasimama kando yake, miiba imesimama. Digidigi, mwenye gunia mwingine, naye akaja. Mzee Kobe akaja, akachelewa, lakini akafika. Bwana Nyani akawatazama, akafunika meno yake, akaenda zake. Bi Kindi akalivuta gunia lake kwenye mtama.

Ngano nimeishusha hapa. Kila mmoja abebe gunia lake.
— Tumebeba!
Na funzo lake, wanangu, ni hili: tuwatii wakubwa. Wakitoa amri tuishike vilevile walivyoitoa, tuikaze sawasawa, wala tusiilegeze hata wakilia.