Mwani Ulioota Sebuleni kwa Mwatime

Haya, masikio mmekuja nayo? Basi yaleteni hapa karibu. Na wewe mwenye kikombe, maliza kwanza, maana ukicheka chai itakutokea puani!

Mtaani kwetu Ngamiani kuna wanawake watatu. Kibibi kajaliwa mdomo: akisema "simama," hata lori linasimama. Chausiku kajaliwa mikono: sufuria lenye masizi akilishika, utajitazama sura humo. Na Bi Riziki kajaliwa macho: bahari ikitoka, maji yakapwa, anakiona kilichojificha chini ya jiwe hata kama chenyewe kimejisahau. Hahaha!

Sasa Mwatime, binti wa kaka yangu, mumewe Badi ni dereva wa malori. Akamletea sanduku kubwa la kioo, kalijaza maji ya bahari, katia samaki wa manjano na wa buluu. Akaaga safari ya Zambia: "Mke wangu, nikirudi niwakute wazima." Na Mwatime mimba imefika puani, kipimo kimesema mtoto wa kike.

Si mnatujua, hatuwezi kula huku tunatazamwa. Kila mgeni akishika sahani, samaki wanamtumbulia macho. "Maskini, karibuni na nyie!" Chapati ndani. Sambusa ndani. Kuna mmoja kawatilia pilau na kachumbari, wallahi! Na Mwatime naye, eti wasiogope giza, taa inawaka juu yao mpaka asubuhi.

Wee! Mwani ukaota. Kioo kikavaa ute wa kahawia, mawe yakaota ndevu za kijani kama beberu. Samaki wanahema juu juu. Mwatime akalia, "Atakayeniokolea samaki wa Badi, mwanangu atachukua jina lake!"

Kibibi, wifi yake, akasimama mlangoni. "Hawa nitawalisha mimi, tena kiduchu. Mwenye huruma na chapati yake ampe paka!" Taa kazima, pazia kashusha. Mama yake mzazi akaja na andazi mkononi.

"Kibibi, hata mimi?"

"Hata wewe, mama. Kula mwenyewe, nakuona."

Chausiku, jirani wa ukuta kwa ukuta, akakunja mikono ya gauni. Mwani akaung'oa kwa vidole, kioo akakisugua kwa mswaki mpya, maji machafu akayateka nje, safi akayaleta kutoka baharini, ndoo kichwani.

"Shoga, pumzika!" nikamwambia.

"Samaki wakipumua, na mimi nitapumua."

Na kweli wakapumua! Lakini mwani ule una kisirani. Kwenye nyufa za mawe, kidole kisikofika, ndevu zikaanza kuchungulia tena. Ndipo Bi Riziki akaenda ufukweni bahari imetoka, akarudi na kopo la konokono.

Mwatime akashtuka. "Bibi, mimi nina balaa, wewe unaniongezea konokono?"

"Tulia, mjukuu wangu. Mwani ndio wali wao."

Wakapanda mawe taratibu, wakaramba kila ufa, hakikubaki kitu!

Badi alipoingia, maji yalikuwa kama hayapo, samaki wanacheza! Nikapiga vigelegele, majirani wakadhani mtoto kazaliwa. Na jioni ileile uchungu ukaanza, akazaliwa binti, mzuri huyo!

Siku ya akika, mbuzi kachinjwa, mtoto kanyolewa, shehe akauliza, "Anaitwa nani?"

Hee! Midomo mitatu kwa mpigo: "Kibibi!" "Chausiku!" "Riziki!"

"Bila mimi mngekuwa mnawalisha pilau mpaka leo!" kasema Kibibi.

"Bila mimi wangekufa, hao konokono wangemkuta nani?" kasema Chausiku.

"Na bila konokono, beberu angerudi na ndevu zake," kasema Bi Riziki.

Mwatime ananitazama mimi. Shehe ananitazama mimi. Mimi shangazi mtu nacheka mpaka machozi, maana wote wamesema kweli, na mtoto ni mmoja.

Haya, shehe kangoja, nyama inapoa. Je, wewe ungemwita mtoto nani?