Mkate Usiopigwa Muhuri

Wamesimulia waliotutangulia katika imani, nao walipokea kwa waliowatangulia, kwamba huko Telmara, mji mdogo ulio ukingoni mwa jangwa, aliishi mjane mcha Mungu jina lake Febronia. Kazi yake ilikuwa kuoka mkate wa madhabahu. Aliirithi kwa mama mkwe wake, pamoja na muhuri wa mti wa mzeituni uliochongwa msalaba. Kila Jumamosi alikanda unga, akafinyanga mikate mitano, na kabla ya kuipiga muhuri alisimama mbele ya mwanamke mwenzake akasema kwa sauti, "Sina neno na mtu." Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya Telmara. Mwokaji mwenye kinyongo hakuruhusiwa kuugusa muhuri, maana waliona si adabu mwili wa Bwana upite katika mikono yenye kisasi.

Miaka kumi na miwili Febronia aliyasema maneno hayo bila kusitasita. Na watu wa Telmara walikuwa wamemtenda jambo ambalo mimi kila nikilisimulia damu hunichemka.

Mji ule ulikuwa na birika moja tu, lililopokea mvua ya milimani, na maji yake ndiyo yaliyonywewa kiangazi kizima. Wanaume walililinda lango lake kwa zamu, kila mmoja wiki yake. Kiangazi kimoja watu waliamka wakakuta lango wazi na birika tupu. Zamu ilikuwa imebadilishwa jana yake tu: Pafnuti, mume wa Febronia, alikuwa amemkabidhi lango Koluthi, mzee wa kanisa, mtu wa ndevu ndefu na sala ndefu zaidi. Koluthi alisimama kanisani, akaweka mkono juu ya Injili, akaapa kwamba alilipokea lango likiwa tayari limeachwa wazi. Nani angemkadhibisha mzee wa kanisa? Kiu ilikuwa imewakaba watu koo, nao walitaka mtu wa kumbebesha lawama. Wakamfukuza Pafnuti na kiriba kimoja cha maji. Siku ya pili wachungaji walimkuta amekufa kati ya miamba. Akafukiwa hukohuko nje ya ukuta, bila sala wala msalaba.

Lipo jambo ambalo Febronia hakupata kumwambia mtu. Siku ile ya kufukuzwa alimshika mumewe nguo, akamsihi, "Kiri tu, mume wangu, yaishe." Pafnuti alimtazama, hakujibu kitu, akaenda zake. Tangu siku hiyo Febronia hakusali sala hata moja asimwombee mumewe msamaha kwa uzembe wake.

Basi ilipofika wiki ya mwisho ya Kwaresima ya mwaka wa kumi na mbili, Kasisi Serapioni alimwita nyumbani kwake. Alikuwa mtu mpole, ila upole wake ulikuwa na woga ndani. Febronia alipoingia alimkuta Koluthi ameketi kitini, amekonda, macho chini. Kasisi akafunga mlango, akamwashiria Koluthi aseme.

"Birika nililifungua mimi," Koluthi akasema. "Nilitaka kuinywesha mizabibu yangu kabla watu hawajaamka. Usingizi ukanichukua. Pafnuti hakuwa na kosa lolote."

Febronia alishika ukuta. Hakulia. Aliuona uso wa mumewe siku ile alipomshika nguo, akaelewa kwa nini hakujibu. Miaka kumi na miwili alikuwa akimsumbua Mwenyezi Mungu asamehe kosa ambalo halikutendwa.

Kasisi akasema kwa sauti ya taratibu, "Mama Febronia, mwenzetu ametubu. Unaijua desturi: hawezi kuikaribia Meza ya Bwana siku ya Pasaka mpaka aliyemdhulumu aseme hana neno naye. Liseme hapa, mama yangu, na liishie hapa hapa. Tusiwape watu la kusema juu ya kanisa. Mungu ni upendo."

"Liishie hapa," Febronia akarudia.

"Ndiyo, mama."

"Alipomzulia mume wangu, Baba, alisemea chumbani?"

"La."

"Alisemea wapi?"

"Kanisani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote, mama."

"Na mkono wake ulikuwa juu ya nini?"

"Juu ya Injili, mama."

"Basi uongo umetembea juani miaka kumi na miwili, leo kweli mnaitaka ijifiche uvunguni!" Sauti ya Febronia ilipanda, nayo haikuwa sauti ya mwanamke wa kupandisha sauti. "Mume wangu mmemzika kama mzoga, kisha mnanifungia mlango nisamehe kwa kunong'ona?"

"Haki ni ya Mungu, mama. Sisi tumeamriwa rehema."

"Rehema! Kwa huyu anayekula na kunywa mnayo tele. Kwa yule aliyekufa na kiu mlikosa hata tone." Akaufungua mlango mwenyewe, akatoka akiuacha wazi.

Kwa siku zote zilizobaki za Kwaresima hakumwambia mtu. Huo ndio uliokuwa mtihani wake, nao ulikuwa mchungu, kwa kuwa alijua kwamba Jumamosi Kuu itafika, na unga utamngoja.

Ikafika. Aliukanda unga kwa ngumi. Jirani yake Tamari, aliyemsimamia miaka yote hiyo, aliketi kando ya tanuri akipepea moto. Mikate ikafinyangwa, ikaumuka, ikapangwa juu ya ubao. Febronia akauchukua muhuri. Kulikuwa na maneno manne tu ya kusema. Angeyasema, Pasaka ingepita vizuri, watu wangemsifu kwa uvumilivu, na Kasisi angemshukuru. Ni Mungu peke yake angejua kwamba ni uongo. Alipofikiri hivyo, akaona kwamba huyo Mmoja anatosha.

Akauweka muhuri chini. "Tamari, nina neno."

Tamari aliacha kupepea. "Na nani, shoga yangu?"

"Na Koluthi. Na Kasisi. Na mji huu mzima. Na mimi mwenyewe." Akamweleza yote, pamoja na lile la kumshika mumewe nguo, akamsihi la Koluthi asilitoe nje mpaka mwenyewe aliseme. Kisha akamsogezea muhuri. "Piga wewe. Watu wasikose Pasaka kwa ajili yangu."

Tamari aliushika, akauinua juu ya mkate wa kwanza, akauzuia hapo. "Siku ile Pafnuti alipita mlangoni kwangu," akasema. "Aliomba nimwongezee maji, kiriba chake kilikuwa kinavuja. Nikamfungia mlango. Nimekusimamia hapa miaka yote ukisema huna neno na mtu, na mimi nanyamaza." Naye akauweka muhuri chini, akafunika uso kwa kanga ya kichwani.

Shemasi alipopata habari alikimbia huku na huku kutafuta mwokaji mwingine. Loo, ungeona! Wanawake wale wale waliokuwa wakijipanga mstari wa mbele kanisani sasa kila mmoja alikuwa na udhuru. Huyu hasemi na dada yake tangu urithi wa baba yao. Yule alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alipiga vigelegele Pafnuti alipotolewa langoni. Kwa kuwa Febronia alikuwa amesema kweli, ikawa vigumu kwa wengine kudanganya. Hadi jua linatua unga ulikuwa umechachuka na kumwagika ubaoni.

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa watu wamevaa vyeupe. Kasisi Serapioni akatoka mbele yao akiwa na sahani tupu. Alijaribu kutafuta maneno mazuri, akayakosa. "Hakuna mkate," akasema.

Manung'uniko yakaanza, yakawa kelele. "Mwanamke mmoja atunyime Pasaka!" "Mjane wa mtu yule, unategemea nini?" Febronia alikuwa amesimama nyuma, karibu na nguzo. Aliyasikia yote. Alikuwa na jibu la kuwafunga midomo wote, nalo lilimchoma ulimi, lakini alikuwa amekwisha kuapa moyoni kwamba kweli ile itatoka kwa mwenye kuificha. Akajizuia hata kucha zikamwingia viganjani.

Ndipo Koluthi akainuka. Alitembea mpaka mbele kwa shida, akaweka mkono juu ya Injili ile ile aliyoiwekea mkono zamani. "Mama huyu hakuwanyima kitu," akasema. "Niliyewanyima ni mimi. Nilikunyimeni maji, kisha nikakunyimeni kweli." Akaeleza mizabibu, akaeleza usingizi, akaeleza kiapo. Hakujipunguzia.

Kanisa likalipuka. Wanaume walimrukia Koluthi. Mmoja wao, Diodoro mwashi, alimkamata ndevu akaanza kumburuta kuelekea mlangoni. "Mtoeni nje!" wakapiga kelele. "Mpeni kiriba kimoja naye aone!" Na waliopiga kelele zaidi, nakuapieni, ndio walewale waliopiga kelele siku ya Pafnuti. Watu hawa hawakujifunza haki wala rehema. Walijifunza kufukuza tu, wakabadili wa kumfukuza.

Mtu angedhani Febronia alifurahi. La hasha. Ghadhabu iliyompanda ilikuwa kubwa kuliko ile ya Kwaresima. Alipita katikati yao kwa viwiko, akaupiga mkono wa Diodoro kwa kofi lililosikika kanisa zima.

"Mwache! Mkono huu huu ndio uliomsukuma mume wangu langoni, leo unajifanya unamtetea? Nilitaka kweli. Nani aliyekwambia nataka maiti ya pili?" Akawageukia wote, kitambaa kimemtoka kichwani, asijali. "Huyu alisema uongo, na ninyi mliupenda kwa sababu ulikuwa rahisi. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Na mimi, mkewe niliyelala naye miaka tisa, nilimwambia akiri. Tukimfukuza kila mwenye mkono katika jambo hili, atabaki nani wa kufunga lango?"

Koluthi alikuwa amepiga magoti pale alipoachiwa.

"Tufanye nini basi, mama?" Kasisi akauliza, naye alikuwa analia.

"Huyu ataenda mlango kwa mlango, aseme pale kila alichokisema hapa. Lango la birika asilishike tena maisha yake yote. Kisha yeye, na wewe Baba, na hao wenye nguvu za kuvuta ndevu, mtakwenda kumchukua Pafnuti mmlete ndani. Si kesho. Sasa hivi, jua likiwa juu, kila mtu aone."

Serapioni akainama mbele ya watu wote. "Nilikuita faraghani kwa sababu niliogopa aibu," akasema. "Nikaiita hofu yangu rehema. Nisamehe, mama." Akavua joho lake jeupe la Pasaka, akalikunja, akatangulia kutoka.

Walikwenda wote. Koluthi aligonga kila mlango, na wenye nyumba, waliokuwa nyuma yake, walimsikiliza akiungama mbele ya nyumba zao tupu. Kati ya miamba alichimba kwa mikono mpaka vidole vikatoka damu, na Diodoro akachimba ubavuni mwake. Mifupa ya Pafnuti ikafungwa katika joho la kasisi. Febronia akapiga magoti hapo, akasema maneno ambayo Tamari peke yake aliyasikia: "Nisamehe, mume wangu. Nimekuombea msamaha wa kosa lisilo lako." Kisha wakambeba, wakampitisha lango kuu, wakamzika kando ya ukuta wa kanisa kwa nyimbo za Pasaka.

Alasiri Febronia alirudi tanurini, akakanda unga mpya. Tamari akasimama mahali pake. Koluthi alikuwa mbali kidogo nje ya mlango, mavumbi yamemjaa, hakuthubutu kusogea. Mikate ilipoumuka, Febronia akauchukua muhuri.

"Una neno, shoga yangu?" Tamari akauliza.

"Hasira ninayo, Tamari. Sijui itaniisha lini, na sitaki kumdanganya Mungu. Nikimwona mzee yule naiona miamba ile. Lakini simtakii mabaya, nataka aokoke kama ninavyotaka kuokoka mimi. Sina neno na mtu."

Akaupiga muhuri kwa nguvu. Wanasema mikate ya Pasaka ile ilikuwa na msalaba uliozama hata karibu uupasue unga. Watu wa Telmara waliila jua likipungua. Koluthi alikaa mwisho wa mstari, na Febronia, aliyekuwa na haki ya kutangulia, akaenda kusimama mbele yake, ili wapokee mmoja baada ya mwingine.

Ndugu zangu waumini, wapo hata leo wanaowaita waliodhulumiwa chumbani, wakafunga mlango, wakawaambia Mungu ni upendo. Kweli, ni upendo, na kwa sababu anapenda hukasirika. Asiyempenda Pafnuti angekasirikia nini? Kwa upendo uleule humtafuta Koluthi asipotee. Lakini Mola wetu hakutusamehe kwa kunong'ona. Alitundikwa mchana, juu ya kilima, na dhambi yetu ikaonekana na kila apitaye njia, na hapo hapo, mbele ya macho yao, akatuombea. Basi ukijiona unakwenda kumhimiza aliyeonewa asamehe, geuka kwanza, toka nje ya ukuta, ukamlete maiti wake.