Jicho la Mwanakombo na Farasi Mia Sita

Palikuwa na Sultani, jina lake Badrudini, aliyelipiga marufuku gari lake kuharibika.

Gari lenyewe lilikuja kwa meli kutoka Ulaya. Liliundwa kwa ajili ya matajiri wanaovuka nchi tatu kwa siku moja huku wamekaa juu ya ngozi. Usultani wa Badrudini ulikuwa na barabara moja ya lami. Ilianzia ikulu ikaishia sokoni, na gari liliimaliza kabla ya kuingia gia ya nne.

Nalo lilikuwa likizima. Lilipozima mara ya kwanza, fundi akasema maji ya rejeta yamepungua. Akatiwa ndani kwa kuikashifu injini. Likazima tena, dereva akasema kuna taa nyekundu inawaka. Akamfuata fundi. Tangu hapo hakuna aliyeongeza maji, na hakuna aliyeiona taa. Sultani akashika usukani mwenyewe.

Siku ya soko akalisimamisha mbele ya meza ya Mwanakombo, mkaanga bajia. Hakushuka. Sultani hashuki. Alikaa ndani, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kinavuma, injini inanguruma juani, akala sahani ya kwanza, akaagiza ya pili. Mwanakombo akaitazama boneti. Akasema, "Eh! Gari hili!"

Papo hapo likatoa mvuke, likakohoa, likafa.

Kesho yake Mwanakombo akasimamishwa barazani, watu wamejaa hadi mlangoni. Waziri Makame akasoma mashtaka. Mwanamke huyu ana jicho la husuda. Amelitazama gari la Mtukufu na hakusema mashallah. Adhabu yake ni kufungwa kitambaa machoni, asikivue mpaka kaburini. Nanyi mnajua, mkaanga bajia asiyeona mafuta yanayochemka hakai na vidole vyake muda mrefu.

"Una la kusema?" Sultani akauliza.

"Ninalo, Seyyid. Hata sufuria, ukiiacha motoni bila maji..."

"Ukiimaliza sentensi hiyo, utamkuta fundi."

Mwanakombo akaimeza sentensi. Akafikiri kidogo, akashika njia nyingine.

"Basi niwie radhi, bwana wangu. Mimi ni mtu wa dengu na vitunguu. Nieleze basi, nimeua kitu gani?"

Sultani alilipenda swali hilo kuliko chakula.

"Umeua silinda kumi na mbili!"

"Pikipiki ya shemeji yangu ina ngapi?"

"Moja."

"Maskini shemeji. Endelea, Seyyid."

"Lita sita. Turbo mbili. Nguvu za farasi mia sita. Linaondoka hapa limesimama, likafika mwendo wa kilomita mia kwa saa, wewe hujamaliza kusema bismillahi."

"Na injini hiyo huwa haiharibiki?"

"Haiharibiki! Walioiunda waliijaribu jangwani, ikapita. Wakaijaribu kwenye barafu, ikapita."

"Ikaja kushindwa na muuza bajia."

"Na jicho lake!"

"Pengine palikuwa na kasoro ndogo, Seyyid. Mpira umechoka, au skrubu imelegea."

"Injini ile haina kasoro."

"Pengine jua lilinisaidia."

"Jua haliiwezi. Chini ya mbingu hii hakuna kinachoiweza, isipokuwa jicho lako."

"Lakini boneti ilikuwa imefungwa."

"Imefungwa! Chuma kitupu! Na bado ukapenya!"

"Nami nilitazama mara moja tu."

"Mara moja! Ndiyo maana mtu wa namna yako ni hatari!"

Mwanakombo akainamisha kichwa. "Basi sina la kubisha. Naomba jambo moja tu, hukumu itangazwe kwa sauti, kila mtu aisikie."

Sultani hakuona ubaya. Akampa Waziri ishara. Makame akasimama, akakohoa, akatangaza kwamba imethibitika mbele ya baraza hili ya kuwa Mwanakombo, kwa kutazama mara moja, amezima injini ya silinda kumi na mbili, yenye nguvu za farasi mia sita, kwa kupenya chuma.

Waliokaa mbele wakahamia nyuma. Waliokuwa nyuma wakakumbuka shughuli zao nyumbani.

"Mfunge!" Sultani akaamuru.

Askari mwenye kitambaa akapiga hatua moja. Mwanakombo akamgeuzia uso. Askari akaanza kuutazama ukuta.

"Nimesema mfunge!"

"Mtukufu," askari akasema, macho yakiwa ukutani, "mimi ni mtu wa silinda moja."

"Makame! Kichukue wewe!"

"Seyyid, unajua nina presha."

"Mnamwogopa mwanamke?"

"Usiwagombeze, Seyyid," Mwanakombo akasema. "Wamesikiliza hukumu yako."

Sultani akasimama. Akamnyang'anya askari kitambaa. "Nitamfunga mwenyewe! Mimi siogopi vijicho vya sokoni!"

Akamwendea. Mwanakombo hakurudi nyuma wala hakupepesa. Alimngoja Sultani mpaka akafika karibu kabisa, kisha akayashusha macho polepole kutoka kwenye kilemba, yakapita ndevu, yakatua kifuani upande wa kushoto, yakatulia hapo.

"Na huo moyo wako, Seyyid," akauliza, "una nguvu za farasi wangapi?"