Kadi ya Mama wa Njiti

Isome taratibu mpaka mwisho, kisha mtumie yeyote anayewapangia wengine sheria.

Palikuwa na fundi wa kompyuta aitwaye Lusajo, kijana mpole, asiyependa lawama. Hospitali moja ya milimani ilimpa kazi ya kuhamisha kanuni za milango kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya. Kule milango inafunguliwa kwa kadi, na kompyuta ndiyo inayoamua nani apite wapi.

Lusajo alihamisha kanuni zote, hakuacha hata neno. Akazunguka na kadi yake, kila mlango ukafunguka. Jamani, alilala usingizi mtamu!

Asubuhi akapigiwa simu: njoo wodi ya njiti upesi.

Mlangoni alimkuta Subilaga, mama aliyejifungua kabla ya siku zake. Kanga imelowa maziwa kifuani, macho mekundu. Maziwa aliyomkamulia na kumwachia mtoto jana yalikuwa yamekwisha, na kadi yake ilikuwa inakataa.

"Mwanangu analia, namsikia," alisema. "Jana niliingia vizuri tu."

Lusajo akagusisha kadi yake. Mlango ukafunguka.

"Mbona mzima, mama? Labda kadi yako ni mbovu."

Wakamtengenezea kadi nyingine. Taa nyekundu. Lusajo akataka kumpitisha kwa kadi yake, lakini mlinzi, mzee Anganile, akasimama katikati.

"Kila mtu kwa kadi yake, fundi. Kuna mtoto aliponea chupuchupu kuibwa hapa. Mama namwonea huruma, lakini sipitishi mtu."

Lusajo akafungua kompyuta, akasoma kanuni moja moja. Zote sahihi!

"Sijakosea popote," akasema, jasho likimtoka.

Subilaga akashindwa kuvumilia. "Kwako unafunguka kwa sababu ni wewe! Hebu kuwa mimi kidogo!"

Maneno hayo yalimchoma. Akaomba kadi ya Subilaga, akaenda nayo kwenye milango mingine. Kantini, ikakataa. Chumba cha kufulia, kikakataa. Hata choo cha wazazi kikamkatalia! Akasimama pale kama mtoto aliyefungiwa nje, na kwa mara ya kwanza akaona alichomfanyia yule mama.

Akarudi kwenye kanuni akijiuliza swali jingine. Mwanzo alikuwa akitazama kama maneno yamefika salama. Sasa akauliza: hii ilikuwa ya mlango upi?

Akaiona. "Asiye mtumishi asiingie." Kwenye mfumo wa zamani kila mlango ulikuwa na kanuni zake, na hii iliwekwa kwenye stoo ya dawa, kwa hiyo haikuwa na haja ya kutaja mlango. Ni kama mama akiwa jikoni akisema "msiguse sufuria". Kila mtu anajua ni ile iliyo motoni. Lakini mfumo mpya unaweka kanuni zote pamoja, na isiyotaja mlango inashika milango yote. Watumishi walipita bila shida, Lusajo akiwa mmoja wao. Waliozuiwa ni akina mama peke yao.

"Si uifute tu?" Anganile akamhimiza. "Mtoto ana njaa!"

"Nikiifuta, stoo ya dawa inabaki wazi kwa kila mtu, mzee wangu."

Akaandika jina la stoo mbele ya kanuni. Mama akarudishiwa kadi, akaigusisha mlangoni, taa ikawa kijani. Subilaga hakusubiri hata kuaga, na punde kilio kile kikanyamaza. Lusajo akajifuta machozi bila kujificha.

Mama alipotoka, fundi akamfuata. "Samahani sana, mama. Nimekutesa, nawe ulikuwa umesema kweli. Naomba kitu kimoja tu: jaribu kadi yako pale stoo ya dawa."

"Jamani, fundi! Nikakataliwe tena?"

Lakini akaenda, akagusisha. Taa nyekundu. Lusajo akaruka akipiga makofi.

Anganile akashika kiuno. "Makubwa! Mlango ukikubali analia, ukikataa anashangilia!"

Subilaga akacheka mpaka akashika tumbo, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Funzo: Ukihamisha amri, ihamishe pamoja na mlango wake, na usiseme kazi yako ni nzima mpaka umeijaribu kwa kadi ya yule anayesema amezuiwa.